Makuta wa 2003 au Umarak the Destroyer wa 2016?

Hili swali la wapenzi wa Bionicle za LEGO, zile sanamu za wahusika unazojenga kwa vipande, haliishi, na mimi siwezi kusema huyu tu. Wote wameshaacha kutengenezwa, kwa hiyo bei inategemea muuzaji na hali ya vipande, ila Makuta ukimtaka mzima na maski yake Kraahkan jiandae kulipa, maana bila hiyo maski kwa kweli sio Makuta.

Kwenye uimara Umarak anashinda. Viungo vyake ni vya mfumo mpya, goti na kiwiko vinakunja vizuri, unampa pozi na anasimama. Plastiki ya zamani, hasa zile soketi, yaani matundu ya viungo yanayoshika vichwa vya duara, inachoka na umri halafu inapasuka ukilazimisha, so Makuta usimfungue fungue ovyo.

Lakini kwa ujenzi nampenda zaidi Makuta, ana gia na vipande vya Technic (vile vya LEGO vya kujengea mashine) vinavyokufanya ufikiri, alafu ukiwa na Takanuva, shujaa wa seti nyingine ya 2003, unawaunganisha wanakuwa sanamu moja, Takutanuva, hiyo raha Umarak hana.

Mtoto anayecheza kila siku mpe Umarak. Kama unaweka kabatini na ulikulia kwenye hadithi ya Bionicle ya 2003, tafuta Makuta.