Gemu za ulimwengu wazi: nunua ile isiyokungoja

Kama una hela ya gemu moja tu ya ulimwengu wazi mwaka huu, yaani ile inayokuacha uzurure utakako, usidanganywe na ukubwa wa ramani. Ramani pana isiyo na uhai inachosha siku ya tatu. Mimi hupima hivi: naacha misheni (kazi nilizopangiwa na gemu), nashika njia yoyote, nahesabu ni mara ngapi nimesimamishwa na jambo ambalo sikulitafuta.

1. Red Dead Redemption 2 (2018, PS4, Xbox One, PC)

Hii haina mpinzani. Uko juu ya farasi, Marekani ya 1899, unakwenda zako kuwinda. Kando ya njia mtu anaita: ameumwa na nyoka. Unaweza kumpa dawa, kumfyonza sumu kwa mdomo, au kumpita. Ukimsaidia, anashukuru, mnaachana, unamsahau. Siku kadhaa baadaye unaingia mjini, unamkuta amekaa nje ya duka la bunduki, na anakukumbuka! Ingia ndani, anakwambia, chagua unachotaka, nalipa mimi. Hakuna misheni iliyokutuma kwake. Ungeshika njia nyingine usingemjua kabisa. Ndiyo maana watu wawili walioimaliza gemu hii wakikutana, kila mmoja ana visa ambavyo mwenzake hajavisikia. Hata mpita njia wa kawaida unaweza kumsalimu au kumchokoza, naye atakujibu.

Ukinunua ya PS4 iliyotumika, fungua kava kabla hujatoa pesa: diski ni mbili, moja ya kusakinisha na moja ya kuchezea. Ikikosekana ya kusakinisha, umenunua pambo. Kwenye PC inataka nafasi ya GB 150, basi piga kwanza hesabu ya bando.

2. The Legend of Zelda: Breath of the Wild (2017, Switch, Wii U)

Hapa visa vinaletwa na mvua, moto na radi. Mvua ikinyesha, mwamba uliokuwa ukiupanda unateleza. Radi ikikaribia, upanga wa chuma mgongoni unaanza kutoa cheche. Uvue upesi, au umrushie adui upanga huo ili radi impige yeye. Choma nyasi, na joto litakupandisha angani ukifungua tanga lako. Sheria zenyewe ni chache, ila zinavyogongana huwezi kubashiri. Kinachoishusha ni watu wake: ukitoka kwa yule wa nyoka, hawa utawaona wapweke kidogo.

3. Dragon's Dogma 2 (2024, PS5, Xbox Series, PC)

Unapanda mkokoteni wa ng'ombe, unasinzia, unashtuliwa na uvamizi. Ndege mkubwa mwenye mwili wa simba anaweza kushuka na kuuvunja mkokoteni, ukamalizia safari kwa miguu usiku. Ukimng'ang'ania manyoya anaporuka, anakwenda na wewe. Naipenda sana, lakini kwenye PC inataka RAM ya GB 16 kwa uchache, na mwenye PS4 hana chake hapa.

4. Skyrim Special Edition (2016, PS4, Xbox One, PC)

Gemu yenyewe ni ya 2011, na kwa kompyuta ya wastani yenye kadi ya picha ndiyo chaguo langu: GB 12 za diski, RAM GB 8. Nimewahi kuona joka lililonijia likigeukia jitu na tembo wake wenye manyoya. Nikakaa nyuma ya jiwe nikitazama wanavyomalizana. Joka hilohilo likishuka kijijini, linaweza kumuua muuza duka uliyemzoea, na harudi tena.

Na GTA V? Matukio inayo: mwizi anapora mkoba mbele yako, unamkimbiza, unaamua kuurudisha au kula hela. Ila yamehesabiwa, na yakiisha mji unabaki magari na polisi. Kama unayo tayari, icheze. Hela mpya ipeleke kwenye moja ya hizo nne.