TAHADHARI: Muuza miche ya mipapai "majike matupu", njia ya Ihumwa na Nzuguni

Ndugu zangu wa Dodoma, mkikutana na jamaa mwenye kirikuu cheupe anayeuza miche ya mipapai, msimpe hata shilingi. Ni mwizi!

Miche nilikuwa naitafuta kwa ajili ya shamba langu la Hombolo. Huyu kijana alichuchumaa mbele yangu, akachana kiriba kwa wembe, akakung'uta udongo taratibu mpaka mizizi ikabaki mitupu. "Tazama mama, mzizi umegawanyika, huu ni jike. Dume mzizi wake mmoja, umenyooka." Akachana cha pili, mzizi umenyooka, akautupa mtaroni. Nani asingeamini? Mtu anatupa mali yake mwenyewe! Na mbolea anazitaja, vipimo vya mashimo anavitaja, habahatishi. Nikalipa 3,000 kwa kila mche, wakati jirani yake anauza 1,000.

Kiangazi chote nimenunua maji ya boza. Sasa maua yametoka: vikonyo virefu vinaning'inia, vimejaa maua membamba kama tarumbeta. Madume, nusu ya shamba na zaidi! Jike ua lake ni nene, limekaa karibu na shina, na ndani yake unakiona kijipapai cha mviringo. Dume moja linatosha kuchavusha majike kumi na zaidi, haya mengine yote ni ya kung'oa. Naona aibu hata kwa vibarua.

Akamatwe, ashitakiwe, arudishe hela za watu zote. Anakula jasho la wakulima mchana kweupe!

Jamani, mche mdogo hauonyeshi jinsia kwa mzizi wala kwa jani. Ni mpaka uchanue, miezi kama mitatu hadi sita tangu kupandwa, ndiyo maana wazoefu hupanda miche mitatu shimo moja halafu wanapunguza. Mbegu za jike lililochavushwa na dume huwa nusu kwa nusu. Za mpapai wenye jinsia mbili uliojichavusha hazitoi dume: theluthi mbili jinsia mbili, theluthi moja jike. Kwa hiyo muulize muuzaji mbegu kaitoa kwenye mti gani. Huyu nilimuuliza, akacheka: "Mama, wewe angalia mzizi tu." Risiti hana, simu haipatikani.

Kama na wewe alikuuzia, njoo inboksi twende polisi pamoja. Miche niliyobaki nayo kwenye viriba nimeihifadhi, ni ushahidi.