Wakala wa skolashipu za tenisi Marekani, nyota 3 kati ya 5

Binti yangu anacheza tenisi hapa Nairobi, aliona vile Mkenya Angella Okutoyi alienda kucheza chuo kikuu cha Auburn kule Marekani na yeye anataka iyo njia, basi tukalipa wakala. Video walimtengenezea safi sana na makocha wanne walijibu, hapo nawapa heko. Ila hawakutuambia kitu kuhusu mabadiliko ya 2025, eti timu ya Division I (daraja la juu la michezo ya vyuo Marekani) kwenye mfumo mpya wa kulipa wachezaji mwisho ni watu 10, na koleji kadhaa zimefunga tenisi kabisa!! Na mtoto wa viza ya mwanafunzi, pesa ambazo wachezaji wa koleji hulipwa kwa matangazo ni shida kuzipata. Mzazi, kabla ulipe uliza kuhusu fizio, walimu wa ziada, na timu ikifungwa skolashipu inabaki ama inaenda.