Mizani ya mfukoni ya Darajani, na kopo langu la dola za sarafu

Nimeinunua sokoni Darajani, hapa Unguja, mwezi wa pili kwa elfu thelathini, baada ya kuambiwa arubaini na tano na kugeuza mgongo mara mbili. Ni ile mizani ndogo ya kisonara: kifuniko cha plastiki, kisahani king'aavu, betri mbili nyembamba, mwisho wake gramu 200, na inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu.

Mie si sonara. Nachukua wageni Changuu kwa boti, na Wamarekani wengine bakshishi yao ni sarafu. Kila byuro ya kubadilishia pesa niliyokwenda hapa mjini inataka noti tu, basi sarafu zikawa zinalala kwenye kopo la maziwa.

Mizani haikuja na jiwe la kuipimia, na mizani isiyopimwa haina tofauti na mdomo wa dalali. Kumbe jiwe nilikuwa nalo koponi! Senti 5 ya Kimarekani hutoka kiwandani na gramu 5 kamili. Nikaweka tatu, moja moja: 4.98, 5.01, 4.99. Nikaridhika.

Nyingi katika kopo ni za manjano, na mke wangu alishazitia kwenye kitambaa akidhani dhahabu. Si dhahabu, ni shaba iliyochanganywa na zinki, manganizi na nikeli, gramu 8.1, na thamani yake ni hiyo hiyo dola moja. Za mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, Sacagawea, zilianza 2000, na za marais 2007. Hapa mizani haisaidii kitu. Za marais zitazame ubavuni, mwaka umeandikwa huko. Baadhi ya zile za George Washington za 2007 zilitoka kiwandani kwa makosa, ubavu mtupu, na wakusanyaji huzilipia zaidi. Nimezigeuza zangu zote chini ya taa. Zina maandishi, zote.

Mizani ilianza kurudisha pesa yake kwenye zile kubwa. Mzee mmoja aliniachia dola ya 1974, sura ya Eisenhower, na nyuma yake tai anatua mwezini. Hizi nyingi ni shaba na nikeli, gramu 22.68, lakini kiwanda cha San Francisco walitengeneza na zenye fedha asilimia 40, gramu 24.59. Kwa macho utababaika, maana kwa mwaka huo herufi S ya kiwanda chao utaiona kwenye zenye fedha na kwenye zisizo nayo. Yangu ikasoma 24.57. Nikaipima tena, halafu nikamwita mke wangu aje asome yeye. Ndani mna karibu gramu 9.8 za fedha halisi, uzidishe kwa bei ya siku.

Basi nikapata kiburi, nikaitia mizani mfukoni nikaingia duka moja la vitu vya kale, jina silitaji. Muuzaji akanitolea dola ya Morgan, ile ya zamani ya fedha, ya 1889, nyuma ina CC, yaani Carson City, mwaka na kiwanda vinavyosakwa sana. Dola mia nne. "Hii nahodha, ilikuja hapa enzi za Seyyid Said." Seyyid Said alifariki 1856! Kweli Marekani waliwahi kumletea zawadi ya sarafu, kwa mkono wa mjumbe wao Edmund Roberts, mwaka 1835, na ndani yake dola yenye mwaka 1804. Inayoaminika kuwa ndiyo hiyo iliuzwa mnadani 1999 kwa dola 4,140,000. Lakini hiyo haikukaa kabatini baina ya birika bovu na saa zisizokwenda.

Morgan ya kweli ina gramu 26.73. Yake ikasoma 23.41, na sumaku niliyong'oa kwenye spika mbovu ikaidaka. Fedha haidakwi na sumaku. Akasema mizani yangu mbovu. Nikaweka senti 5 mbele yake: 5.00. Akafunga kabati.

Bibi yangu Wete naye ana moja, kaning'iniza kwenye mkufu, anaiita dola ya Marekani. Ni reale ya Maria Theresa, ya Austria, na ule mwaka 1780 haukwambii umri wake kwa sababu waliendelea kuzipiga kwa mwaka huo huo. Asili yake ni gramu 28.07, ya bibi imesoma 29.30 kwa kile kipete alicholehemu sonara. Sikumwambia kuwa kipete kimeiangusha bei. Hauzi.

Ubaya wa mizani hii sasa. Inajizima baada ya dakika moja, hata sarafu ikiwa juu yake. Upepo kidogo tu namba zinacheza, basi Forodhani usijaribu. Mie hufunga dirisha na kuzima feni. Chumvi ya bahari imeshaanza kula vyuma vya betri. Kioo cha kukuzia kilichokuja nayo ni cha kuchezea, herufi ya kiwanda huioni, itabidi ununue kingine. Naipa nne juu ya tano.

Na zile za manjano nimezipatia njia: mgeni anayerudi kwao namhesabia sarafu ishirini, ananipa noti ya ishirini. Wiki iliyopita wawili wamekubali.