Scratch imemfungua macho binti yangu
Hapa Arua, Uganda, bando huisha upesi, kwa hiyo nilitaka programu ya watoto ya kutunga michezo ya kompyuta, isiyohitaji intaneti kila saa. Scratch, iliyotolewa na MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 2007, unaipakua mara moja, bila kulipa hata shilingi. Binti yangu wa miaka 9 aliigeuza iwe ya Kiswahili, akaanza kupanga vipande vya amri kama matofali. Siku ya tatu paka wake wa kwenye skrini alikuwa akikwepa bodaboda alizozichora mwenyewe! Mimi ni fundi cherehani, sikumfundisha lolote. Akikwama, anabomoa na kupanga upya, midomo ikimchezacheza. Ila mkumbushe mtoto kuhifadhi kazi: stima ilikatika, mchezo wote ukapotea, akalia hadi usiku. Asubuhi aliuanza tena.