Selimundu: Kupima Wachumba au Kupima Mimba?

Wachumba wanaobeba kila mmoja kinasaba kimoja cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ingawa wenyewe ni wazima, wana uwezekano wa asilimia 25 katika kila mimba wa kupata mtoto mgonjwa. Kuwapima damu kabla ya ndoa hakugusi mimba yoyote, ila kunaweza kuvunja uchumba, na aibu humwangukia zaidi binti. Saudi Arabia, iliyokifanya kipimo hicho kuwa cha lazima mwaka 2004, iliwaachia wenyewe uamuzi wa kuoana. Mimi naelekea upande huu, mradi majibu yabaki kuwa siri yao.

Kupima mimba, yaani kuchunguza kama mtoto aliye tumboni ana selimundu, ni kuzito zaidi. Sindano huchukua chembe za kondo la nyuma, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, pamoja na hatari ndogo ya mimba kuharibika. Nchini Tanzania, ambako sheria huruhusu kutoa mimba kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama tu, majibu humwachia mama habari nzito asiyoweza kuitolea uamuzi. Watetezi husema wazazi watajiandaa. Lakini tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga linatosha kugundua ugonjwa na kuanzisha mapema penisilini ya kila siku, dawa ya kumkinga na maambukizi.