Nimeirudia Prison Break yote, ile tamthilia ya Marekani ya kutoroka jela, sasa naona kabisa inapoharibikia

Naanza na nyota ili asiyetaka maneno mengi aondoke mapema: sizoni ya 1 tano, ya 2 nne, ya 3 mbili na nusu, ya 4 mbili, ya 5 nimeipa moja na hiyo moja ni ya huruma. Kama hujaiangalia na unapanga kuiangalia ishia hapa hapa, maana huku chini namwaga kila kitu.

Sizoni ya kwanza (2005 hiyo) bado ni moto, haijachuja kabisa. Michael Scofield ni injinia, kaka yake Lincoln amehukumiwa kifo kwa kesi ya kubambikiwa kwamba kamuua ndugu wa makamu wa rais, basi Michael anavamia benki makusudi ili afungwe gereza lile lile, na ramani ya gereza anayo mwilini, kaichora tatuu kifua, mgongo na mikono. Hadithi yote ndo hiyo, unamsimulia mtu kwa pumzi moja na ameshaelewa. Halafu kuna ile ishu ya skrubu, mi ndo naipenda kuliko zote: anaing'oa kwenye benchi la uwanjani, T-Bag, mfungwa mwenzake, anamnyang'anya, anahangaika mpaka anaipata tena, anaisugua sakafuni taratibu mpaka ichukue umbo analolitaka, ndo aje aifungulie choo cha selo yake. Skrubu moja tu! Na hakuna anayelalamika kwamba tunapotezewa muda, kwa sababu unajua inakoelekea, skrubu inafungua choo, nyuma ya choo kuna njia, njia inatoka nje, na huko kwingine tarehe ya Lincoln kukalishwa kwenye kiti cha umeme inasogea tu haimsubiri mtu.

Watu wengi wanasema tamthilia zinaharibika kwa kuvutwavutwa. Nakubali nusu. Hii hii ilivutwa tangu sizoni ya kwanza, mwanzoni ilikuwa ya episodi 13, ikapata watazamaji wengi, stesheni ikaagiza 9 zaidi zikawa 22. Sasa nenda kaangalie episodi ya 13 inaishaje: wamefika kabisa chini ya zahanati ya gereza, usiku wenyewe ndo huu, wanakuta lile bomba lililokuwa limeshaozeshwa na kemikali limebadilishwa limewekwa jipya. Wanarudi selo. Ukiwa na roho mbaya utasema hapo ndo hadithi ilipoongezwa maji. Lakini haikuchosha hata kidogo, kwanini, kwa sababu shida ilibaki ile ile, kaka ni yule yule, ukuta ni ule ule, wamekwama tu sehemu moja na wanatafuta pa kupenya upya. Kwa hiyo urefu peke yake siulaumu.

Shida ni wakishatoka nje. Swali tulilokaa kuliangalia lilikuwa watatokaje, wametoka, sasa? Sizoni ya 2 iliokolewa na mtu mmoja, Mahone, yule mpelelezi wa FBI, maana kwa mara ya kwanza Michael anapata adui anayeweza kuisoma ile tatuu na kuwahi mbele yake, kwa hiyo akili kwa akili bado ipo. Nyota nne zake halali kabisa.

Halafu sizoni ya 3 wanamrudisha Michael jela. Jela nyingine, Sona, Panama, na safari hii lazima amtoroshe mtu ambaye wewe mtazamaji humjui na humpendi. Nikakaa nikajiuliza hivi hapa mi namhurumia nani? Tatuu haina kazi tena, ramani hakuna, ule mpango wa mtu aliyefikiria kila kitu kabla hajaingia haupo, amebaki jamaa mwerevu anayebahatisha. Kwa haki niseme pia kwamba mgomo wa waandishi wa Marekani, Novemba 2007 mpaka Februari 2008, uliikata sizoni hiyo ikaishia episodi 13, kwa hiyo mwisho wake kuwa wa haraka haraka si kosa la skripti peke yake. Sizoni ya 4 wanaifuta kabisa tatuu mwilini. Sawa, najua kumpaka mwigizaji ile michoro ilikuwa kazi ya masaa, ila ukiangalia unaona kama kitambulisho cha hadithi ndo kimetupwa.

Na hapo ndo yanaanza mambo ya kufufuka. Sara, yule daktari wa gereza mpenzi wake Michael, tuliambiwa amekatwa kichwa, kikaletwa kwenye boksi, sizoni ya 4 huyo hapo mzima. Mama yao Michael tulijua alishakufa zamani, yupo hai na ni adui. Kellerman, yule wakala wa serikali aliyekuwa anawawinda, kafufuka. Halafu mwaka 2009 tunaonyeshwa kaburi la Michael mwenyewe, tumelia tumemaliza, 2017 yupo hai jela ya Yemen. Sasa mtu akipigwa risasi mi nishtuke kwa lipi? Naendelea kula zangu. Kibaya zaidi kwangu ni pale Lincoln anapoambiwa kumbe si ndugu wa damu wa Michael, yaani kitu pekee kilichobeba tamthilia nzima, ndugu kujitoa kwa ndugu, wamekichokonoa ili tu episodi iwe na mshtuko. Hii ndo dalili yangu namba moja siku hizi, waandishi wakianza kula msingi wa hadithi yao ujue hawana pengine pa kwenda.

Mi naona sababu ni kwamba hadithi ya aina hii ina mwisho ndani yake lakini biashara haitaki mwisho. Kwa mfumo wa televisheni ya Marekani enzi zile ukifikisha kama episodi 100 ndo unakuwa mzigo mzuri wa kuuza marudio kwa vituo vingine, kwa hiyo hakuna bosi atakayekwambia hadithi imekamilika, zima kamera. Na episodi 22 kwa mwaka maana yake za mwanzo zinarushwa huku za mwisho bado hazijaandikwa. Sizoni ya kwanza mtu anakuwa ameiwaza miaka, ya pili anapewa miezi, hapo lazima apepesuke tu hata awe fundi vipi.

Money Heist ni mfano mzuri kuliko hata hii. Ile mwaka 2017 ilirushwa Hispania ikiwa episodi 15, ikaisha, wizi umeisha, watu wakaenda zao. Netflix wakaichukua wakaikata upya, ikalipuka dunia nzima, basi 2019 ikaletwa sehemu ya tatu, na wizi ukawa ule ule ila jengo kubwa zaidi, kutoka kiwanda cha noti kwenda Benki Kuu ya Hispania. Milipuko mingi, pesa ya kutengenezea inaonekana, ila kule mwanzo Profesa, kiongozi wa wezi, alikuwa na jibu la kila kitu na huku unamwona anaokolewa na bahati.

Ila usije ukafikiri kufupisha ndo dawa. Game of Thrones ilikuwa na episodi 10 kila sizoni mpaka ya 6, ya 7 wakafanya 7 na ya mwisho 6, matokeo yake watu wanavuka bara zima kabla hujanyoosha miguu, na vitabu vya kuegemea walikuwa wameshavipita. Nilichokiona kinasaidia ni waandishi kujua mapema wanaishia wapi. Lost ilikuwa inazunguka zunguka mpaka 2007 walipokubaliana na stesheni yao ya ABC kwamba 2010 inafungwa, ukiangalia unaona kabisa kasi inarudi, hata kama mwisho wenyewe watu wanaugombania mpaka leo. Na Breaking Bad, episodi 62, inapanda tu mpaka mwisho, maana pale hadithi yenyewe ni mtu kubadilika, ikienda mbele ndo anazidi kuoza, hawahitaji kumtafutia jela mpya.

Kwa hiyo Prison Break angalia za 1 na 2 bila kuruka hata dakika. Ya 3 kama una nafasi. Ya 4 na ya 5 nitakuelewa kama unafuata T-Bag tu, Robert Knepper hakuwahi kucheza vibaya hata episodi moja, hata pale alipoandikiwa upuuzi.